Urefu unaoonekana na urefu halisi: kisa cha bomba la moshi lililovuja

Kwa nini nimekiandika kisa hiki

Nafundisha ufundi bati kwenye karakana moja ya mafunzo mkoani Iringa, sehemu ya baridi ambako jiko la kuni haliachi kuwaka. Kisa hiki kilitupata wenyewe. Nimeondoa majina ya watu, ya karakana na ya shule tuliyoifanyia kazi. Vipimo nimeviacha kama vilivyokuwa, kwa sababu bila vipimo hakuna cha kujifunza hapa.

Nawaandikia walimu wenzangu, wa ufundi na wa hisabati, kwani kosa lililotokea ni la wote wawili. Wanafunzi wangu walikuwa wanajua kukokotoa eneo la pia (umbo la koni) na mzingo wa duara. Walishindwa kuona ni mstari upi kwenye bati bapa unaokuja kuwa mstari upi kwenye umbo lililokunjwa.

Mandharinyuma

Shule ya bweni iliomba itengenezewe bomba la moshi la jiko lake kubwa. Jiko lilikuwa limejengwa karibu na ukuta, tundu la moshi likiwa nyuma yake. Kwa hiyo bomba lilipaswa kutoka kwa mlalo, likunje kona ya nyuzi 90, lipande juu, litoboe paa na kumalizika kwa kofia ya kuzuia mvua. Kipenyo kilikuwa sentimita 20.

Sehemu zilizonyooka hazikuwa na shida. Unakata bati lenye upana wa sentimita 62.8, ambao ndio mzingo, unaongeza la kupandishia ukingo juu ya ukingo, unalikunja juu ya bomba la chuma kwa nyundo ya mbao, unapiga riveti. Zilizobaki zilikuwa kazi tatu: kiwiko, yaani kipande cha kona, ambacho wengi karakana wanakiita elbo, kofia, ambayo ni pia, na ile sehemu inayofunika tundu la paa ili maji yasishuke ndani, ambayo sisi tuliiita sketi.

Waliopewa kazi walikuwa watatu, wa mwaka wa pili. Nitawaita T, N na H. T ndiye mwepesi wa hesabu kuliko wote. N ni binti wa fundi cherehani. H ni kijana mkimya aliyekulia kwenye shamba la mianzi ya ulanzi, pombe ya mwanzi. Wote watatu walikuwa wamefaulu jaribio langu la maumbo, na T alipata alama zote.

Kazi ya kwanza

Ilikuwa mwezi wa kumi. Shule ilitaka bomba kabla ya mvua, na kwetu mvua huanza kati ya Novemba na Desemba. Wanafunzi waliniletea mchoro wa bomba likionekana kwa mbele: safi, mistari imenyooka, vipimo vyote vimeandikwa. Niliutazama nikausaini. Sikuwaomba waukate kwanza kwenye karatasi. Nilijiambia muda hautoshi, na kwamba waliofaulu jaribio hawana haja ya kuchezea karatasi. Uamuzi huo ni wangu, na ndio uliozaa mengine yote.

Kiwiko kilikuwa cha vipande viwili, kila kimoja kimekatwa kwa mshazari wa nyuzi 45. Kwenye mchoro wa mbele, mkato huo ni mstari ulionyooka kabisa. T akauchukua mstari huo akauhamishia kwenye bati: upande mmoja sentimita 5, katikati ya bati sentimita 25, upande wa pili tena sentimita 5, akaunganisha kwa rula. Likatoka umbo kama paa la nyumba. Wakakata, wakakunja, wakaviweka vipande viwili kichwa kwa kichwa. Upande wa ndani wa kona viligongana, upande wa nje vikaacha uwazi wa vidole viwili.

Walichofanya baada ya hapo ndicho anachofanya fundi yeyote mwenye haraka. Walipunguza kwa mkasi pale palipogongana, wakaziba kwa viraka pale palipopwaya, wakapiga riveti nyingi. Sikuwepo siku hiyo.

Kofia ilitakiwa iwe na kipenyo cha sentimita 40 na kina cha sentimita 15. Walikata duara lenye nusukipenyo cha sentimita 20, kwa kuwa nusu ya 40 ni 20. Wakaondoa kipande cha nyuzi 72, wakakunja. Ilipopimwa ilikuwa na kipenyo cha sentimita 32 na kina cha 12. Walidhani tofauti imetokana na kukunja, wakaifunga hivyo hivyo.

Paa nalo lilitobolewa tundu la duara la sentimita 20. Bomba likakataa kupita. Wakalipanua kwa nyundo huku na huku mpaka likapita, likawa tundu lisilo na umbo lolote, na sketi waliyotengeneza haikulifunika lote.

Siku ya tatu baada ya kuwasha, mama mpishi alinipigia simu. "Kamwene, mwalimu. Njoo uone bomba lako, moshi unarudi kwetu." Nilikwenda. Alikuwa amejifunga khanga puani. Moshi ulikuwa unatoka kwenye kiwiko, kwenye viraka vyote, mmoja baada ya mwingine. Alisema neno moja tu zaidi: "Watoto wanakula saa saba, mwanangu." Sikuwa na la kumjibu.

Maamuzi mawili

Mzee anayesimamia karakana alitaka tuzibe kwa saruji na tuachane nayo. Hoja yake ilikuwa na uzito: bati lilikwishanunuliwa na fedha ilikuwa ndogo. Lakini saruji juu ya bati linalopata moto na kupoa kila siku hupasuka. Na hata kama ingeshika, vijana wale watatu wangeondoka wakiamini kwamba kona ya bati ni kitu cha kuziba.

Tukakubaliana hivi. Kiwiko tungekipaka udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na majivu kama tiba ya muda, ili jikoni pafanye kazi. Ndani ya wiki mbili tungetengeneza kingine, na bati lingetoka kwenye stoo ya karakana bila kuidai shule.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa kufundishia, na niliufanya usiku. Siku mbili za kwanza hakuna atakayegusa kanuni, kikokotoo wala bati. Karatasi, mkasi, uzi na vitu vya kukata tu. T hakupenda. Aliniuliza, kwa heshima, "Mwalimu, tutarudi shule ya msingi?" Nilimwambia ndiyo, na mimi nikiwemo.

Mwanzi ndani ya karai

H alileta kipande cha mwanzi mnene kutoka kwao, kimekatwa mshazari kama wagema wanavyokata. Aliuweka mezani bila kusema kitu. Niliwauliza: ule uso wa mkato ni umbo gani? Wote walijibu duaradufu, yaani duara lililorefuka, kwa sababu linaonekana. Nikauliza swali la pili: kama ganda la mwanzi huu lingekuwa karatasi, ukalichana kwa urefu na kulilaza chini, ukingo wake wa juu ungekuwa mstari wa namna gani? T akasema umenyooka. N akasema umepinda kama upinde. H akanyamaza.

Tulichukua mwanzi mwingine uliokatwa sawasawa, tukauzungushia karatasi ya kaki mara moja na kuifunga kwa uzi. Tukajaza karai maji, yakatulia. H akaushika mwanzi kwa kuulaza nusu, akauchovya na kuutoa haraka. Karatasi iliyolowa iligeuka rangi. Mstari wa maji ulizunguka mwanzi, na ukiutazama kwa ubavu ulikuwa umenyooka kama rula, maana uso wa maji ni bapa na ndio uliokuwa kisu chetu. N aliufuatisha kwa penseli kabla unyevu haujapanda. Kisha akafungua uzi na kuilaza karatasi mezani.

Lilikuwa wimbi. Lilianza chini likiwa karibu bapa, likapanda kwa kasi katikati, likalegea lilipofika juu, likashuka vilevile. Hapakuwa na kona hata moja.

T aliinama akaitazama karatasi ile muda mrefu. Halafu akaizungusha tena kwenye mwanzi, akaangalia mstari ukirudi kunyooka, akaifungua tena. Alifanya hivyo mara tatu au nne. Ni hapo N aliposema neno ambalo sikuwa nimelifikiria miaka yote ya kufundisha kazi hii: "Mwalimu, hiki ni kichwa cha mkono wa gauni." Alieleza kwamba mama yake hakati kamwe kichwa cha mkono kwa rula. Hukipinda, kinapanda na kushuka, na ukikikata kwa kunyoosha mkono haukai begani, unavuta kwapani na kupwaya juu. Ndivyo hasa kiwiko chetu kilivyofanya: kiligongana ndani, kikapwaya nje.

Baada ya hapo ndipo tulipoingia kwenye vipimo. Tulichora duara la bomba kwa saizi yake, tukaligawa sehemu 12. Nilichagua 12 kwa sababu kompasi iliyofunguliwa kwa nusukipenyo huzunguka duara mara 6 kamili, na kila kipande ukikigawa mara mbili unapata 12 bila kupima pembe yoyote. Kila nukta inapandisha mstari kwenye mchoro wa mbele mpaka igonge mkato. Kwenye mchoro huo mistari imesongamana pembeni na kuachana katikati, kwa sababu bomba linageuka na kutuepa. Kwenye bati inapaswa kuwa sawa kwa sawa, kila sentimita 5.2 hivi. Unaihamisha mmoja mmoja na urefu wake.

Kwa kile kiwiko cha kwanza urefu ungekuwa 5, 6.3, 10, 15, 20, 23.7 na 25. Angalia hatua zake: 1.3, 3.7, 5, 5, 3.7, 1.3. Mstari wa T ulikuwa unapanda 3.3 kila hatua. Karibu na ncha ya chini alikuwa ameacha bati la ziada la sentimita 2, na karibu na ncha ya juu amepunguza sentimita 2. Vipande viwili vikikutana, kosa hilo linajirudia mara mbili. T alilikokotoa mwenyewe na kuandika ubaoni tofauti ya kila mstari. Sikumsaidia.

Kofia: 20 au 25

Hapa hatukukaa sana. Niliwapa karatasi ya duara la sentimita 20 na nyingine ya sentimita 25, wakakata na kukunja zote mbili. Kisha nikawaambia waweke kidole kwenye ncha ya kofia na kukishusha ubavuni mpaka ukingoni. Ile njia ya kidole ndiyo nusukipenyo cha duara lililokatwa. Ukiitazama kofia kutoka juu, njia hiyo inaonekana ina sentimita 20, kwa sababu huoni kwamba inateremka. Ukiipima juu ya bati lenyewe ni 25. Pythagoras anathibitisha: 20 kwa 20 ni 400, 15 kwa 15 ni 225, jumla 625, ambayo ni 25 mara 25. Duara kamili la 25 lina mzingo wa sentimita 157, na tunahitaji 125.7 tu, yaani sehemu nne kati ya tano. Tunabakiza nyuzi 288 na kuondoa 72.

Nyuzi 72 walizipata sawa tangu mwanzo, kwa hesabu nzuri kabisa. Wakaziondoa kwenye duara ambalo silo.

N alipendekeza kofia iwe kuba badala ya pia, ingependeza zaidi. Nilimpa mpira na karatasi nikamwambia aufunike bila mkunjo na bila kuchana. Karatasi na bati vinakubali kukunjwa, havikubali kutanuka. Pia na silinda hujilaza bapa, tufe halilazwi. Carl Friedrich Gauss alithibitisha jambo hilo mwaka 1827. Anayetengeneza sufuria hulipata umbo la kuba kwa sababu analigonga bati mpaka litanuke, na hiyo ni kazi nyingine yenye zana nyingine.

Ugali, uzi na yai

Sketi ilikuwa ngumu kuliko zote. Ni pia iliyokatwa juu ili bomba lipite, na chini imekatwa kwa mshazari ili ikae juu ya paa. Paa lile linapanda mita 1 kwa kila mita 2 za mlalo. Kabla ya sketi, tundu lenyewe: bomba lililosimama likipita kwenye bapa lenye mwinamo huo hukatwa kwa duaradufu lenye upana wa sentimita 20 na urefu wa 22.4. Ndiyo maana tundu la duara lilikataa.

Kuhusu ukingo wa chini wa sketi, wote watatu walichora yai. Hoja ilikuwa na akili ndani yake: pia ni nyembamba juu na pana chini, kwa hiyo mkato wa mshazari lazima uwe mwembamba upande wa juu. Sikuwakatalia. Siku ile tulipika ugali mgumu, tukaipaka mafuta faneli moja ya bati, tukaujaza humo na kuuacha upoe. Ulipotoka ulikuwa pia safi, bila mwanya. H aliukata kwa uzi wa nailoni, akiuvuta kwa mshazari polepole, mikono yote miwili. Tulilaza kipande kwenye karatasi, tukafuatisha ukingo wake, tukakata, tukaikunja karatasi kwa urefu, halafu kwa upana. Nusu zote zililaliana.

Basi yai lilitoka wapi? H ndiye aliyeona. Alichoma njiti katikati kabisa ya pia kabla ya kukata, na kwenye uso wa mkato tundu la njiti halikuwa katikati ya duaradufu. Lilikuwa karibu na ncha ya juu. Upande wa chini uzi husafiri zaidi kabla ya kufika ubavuni, kwa kuwa ubavu nao unaelekea hukohuko. Upande wa juu ubavu unaukabili uzi, wanakutana mapema. Ukidhani njiti ndiyo katikati, utachora yai.

Niliwaambia, na ni kweli, kwamba Albrecht Dürer, mchoraji mkubwa wa Nürnberg, alichapisha mwaka 1525 michoro ya maumbo yaliyokunjuliwa bapa, kazi ya mapema sana ya aina hiyo, na katika kitabu hichohicho mkato wa pia aliuchora kama yai. Nilitaka wajue kwamba jicho la mtu aliyejua kuchora kuliko sisi sote lilidanganywa mahali palepale.

Kwenye kukunjua sketi tulirudia mistari 12, safari hii yote ikikutana kwenye ncha ya pia. Hapa kuna mtego. Kwenye mchoro wa mbele ni mistari miwili ya pembeni tu inayoonyesha urefu halisi. Mingine inatuelekea au kutuepa, inaonekana mifupi kuliko ilivyo. Kila nukta ya mkato inabidi isogezwe kwa mlalo mpaka kwenye mstari wa pembeni, ndipo ipimwe kutoka kwenye ncha. T alisema kabla sijamaliza: "Ni ile 20 na 25 tena."

Kazi ya pili

Kiwiko kipya tulikifanya cha vipande vitatu badala ya viwili. Moshi hugeuka taratibu zaidi na masizi hayajirundiki konani, na mkato wa kila kiungo unakuwa wa nyuzi 22.5. Wimbi kwenye bati lilishuka kutoka sentimita 10 juu na chini ya mstari wa kati hadi 4.1. Uzuri mwingine ni kwamba mawimbi ya vipande vinavyofuatana huingiana kwenye bati moja, hivyo mabaki yalikuwa machache. Kila kiolezo, yaani umbo bapa la kukatia, tulianza kukichora upande wa ndani wa kona, ili mshono wa kufunga silinda uangukie pale penye urefu mdogo.

Kila kipande kilikatwa kwanza kwa kaki, kikakunjwa, kikaunganishwa kwa gundi. Bomba zima la karatasi lilisimama karakana siku nzima. Nilipolipima na kulizunguka ndipo niliposaini.

Kosa moja lilipita hata hivyo. Kwenye karatasi tuliunganisha ukingo kwa ukingo. Kwenye bati kipande kimoja kinapaswa kuingia ndani ya kingine, na H alisahau kuongeza sentimita 1 ya kupandishia kwenye kipande cha kati. Tuliligundua kwa kuweka taa ndani ya kiwiko kwenye stoo yenye giza: mwanga ulichungulia mahali pamoja, upande wa ndani. Kipande hicho kilirudiwa.

Matokeo

Bomba liliwekwa wiki ya pili ya Novemba. Moshi hautoki kwenye kiwiko. Kofia yenye sentimita 40 inalizidi bomba kwa sentimita 10 kila upande, na mvua ya kwanza ya upepo haikuingia. Mama mpishi alituma salamu na debe la viazi, ambavyo vingi viliishia kukatwakatwa darasani.

Sketi ilivuja. Ukingo wake ulikuwa duaradufu sahihi na mwinamo ulikuwa sahihi, lakini paa lile ni la bati la migongo, na sisi tulikuwa tumelichukulia kama bapa. Maji yalipita kwenye mabonde chini ya ukingo. Ilibidi turudi na kipande kirefu cha bati bapa, tukakipenyeza chini ya bati la juu ya tundu, tukaisimamisha sketi juu yake. Sasa haivuji.

Uchambuzi

Makosa yote matatu ya mwanzo yana mzizi mmoja. Mchoro wa mbele unaonyesha urefu unaoonekana, bati linataka urefu halisi. Mkato wa kiwiko unaonekana umenyooka, ukihamishiwa kwenye bati unaharibika. Ubavu wa kofia unaonekana sentimita 20, kumbe ni 25. Tundu la bomba likitazamwa kutoka juu ni duara, kwenye paa lenyewe ni duaradufu. Nilikuwa nafundisha vitu hivi kama mada tatu tofauti, katika wiki tatu tofauti, na wanafunzi walivihifadhi hivyo.

Kilichofaa zaidi, kwa maoni yangu, ni karai la maji. Nimeshaonyesha picha ya wimbi lile ubaoni mara nyingi na halikushika. Lilishika lilipotoka kwenye mkono wa H na karatasi ikaweza kurudishwa kwenye mwanzi. Kwenda na kurudi ndiko kulikomfundisha T: kukunja, kukunjua, kukunja tena. Mkato ukionekana mara moja tu, unabaki kuwa kioja.

La pili ni kuwaacha wakosee kwa sauti. Kama ningesahihisha yai siku walipolichora, H asingechoma njiti. Na neno la N kuhusu mkono wa gauni sasa naanza nalo somo, kwa sababu nusu ya wanafunzi wangu wamewahi kukaa karibu na cherehani.

Kilichoshindwa ni jaribio langu. Liliuliza eneo na ujazo, likatoa nusukipenyo na urefu wa ubavu vikiwa vimeandikwa tayari. Mwanafunzi hakuombwa hata mara moja kuamua nambari ipi inakwenda wapi, na huo uamuzi ndio kazi yenyewe. Sasa jaribio lina swali moja: unapewa umbo la bati lililotengenezwa, na karatasi, na mkasi; toa kiolezo chake. Linachukua muda mrefu kusahihisha. Nakikunja kila kimoja.

Bado sijapata njia nzuri ya kufundisha ziada ya kupandishia ukingo. Karatasi inaificha kwa sababu haina unene wala riveti. Nimejaribu kuwalazimisha wapake rangi ukanda wa ziada kabla ya kukata, na wengine bado wanausahau.

Wiki iliyopita shule ileile imeomba jiko la pili liunganishwe kwenye bomba hilohilo kutoka ubavuni, kwa bomba jembamba la sentimita 15. Mabomba mawili ya vipenyo tofauti yakikutana, mkato wake haulali kwenye bapa lolote, kwa hiyo karai la maji halitatusaidia. T amekwishaanza. Jana nilimkuta ametoboa kiazi kikubwa kwa bomba la bati lenye makali, anachungulia ukingo wa tundu kwa ubavu, na karatasi ya kaki iko pembeni haijaandikwa kitu.